Kwa Kosa Gani Aliuawa?

Zipo hoja mbili ambazo kila penye mjadala wa maadili hazikosekani. Ya kwanza inasema: mwondoe Mungu, na hutabaki na sababu yoyote ya kumkataza mtu asiibe wala asiue. Ya pili inajibu: Mungu hahitajiki hapa, maadili tumezaliwa nayo kama tulivyozaliwa na njaa, na ushahidi uko hata kwa wanyama. Wenye hoja hizi hudhani wametengana kama mbingu na ardhi. Mimi naona wamefanana kwa jambo moja kubwa. Kila mmoja ameshughulika kutafuta msingi wa kusimamisha maadili, na katika shughuli hiyo yule aliyedhulumiwa, ambaye ndiye aliyetufanya tuanze kuzungumza, amesahauliwa.

Niseme mapema nilipo. Mimi ni Mwislamu, naamini na nasali, na haya siyaandiki ili nijipatie mlango wa kutokea. Nayaandika kwa sababu nimechoka kusikia dini yangu ikitetewa kwa hoja inayomdhalilisha Mungu, na nimechoka vilevile kusikia ubinadamu ukitetewa kwa habari za kima na sokwe pekee.

Swali lenyewe ni la kale. Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, ameliweka katika mazungumzo ya mwalimu wake Socrates na mtu aitwaye Euthyphro, penye mahakama ya Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo, wakati Socrates anaisubiri kesi iliyokuja kumuua. Euthyphro alikuwa amekuja kumshitaki baba yake mzazi. Katika kubishana, Socrates akamuuliza: kitu chema hupendwa na miungu kwa kuwa ni chema, au ni chema kwa kuwa kimependwa na miungu? Wanaosoma falsafa huanzia hapo, na wengi huishia hapo. Kesi yenyewe ilihusu nini, ni wachache wanaokumbuka.

Ilimhusu kibarua. Alilewa, akapandwa na hasira, akamuua mtumwa mmoja wa nyumba ile. Baba yake Euthyphro akamfunga mikono na miguu, akamtupa mtaroni, kisha akatuma mjumbe Athens kwa wajuzi wa mambo ya dini kuuliza afanywe nini. Huku nyuma hakumjali tena. Alimhesabu muuaji tu, akifa na afe. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua akafa kwa baridi, njaa na zile kamba.

Kila ninapoisoma sehemu hii moyo unanisimama. Mzee yule hakuwa mtu asiye na dini. Alikuwa ameuliza! Alitaka kujua amri inasemaje, na wakati amri iko njiani, mtu anakufa hatua chache kutoka mlangoni kwake. Na huyo Euthyphro, ambaye vitabu vingi vinamchora kama mtu wa majivuno, ndiye aliyesema neno zito kuliko yote siku ile: kwamba ni upuuzi kuuliza kama aliyeuawa ni ndugu au ni mtu baki, la kuangaliwa ni kama aliuawa kwa haki. Kisha naye akaharibu, akaingia katika habari za unajisi na mapenzi ya miungu, na kibarua akapotea kwenye mazungumzo yao.

Wapo waliolijibu swali la Socrates kwa upande wa amri bila kusita. Katika Uislamu jina kubwa ni Abul Hasan al-Ash'ari wa Basra, aliyefariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 10. Alisoma kwa Muutazila, watu walioshikilia kwamba akili ya mtu inaujua ubaya wa dhuluma hata pale ambapo wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, haujafika. Alipokuwa na umri wa miaka kama 40 akawaacha. Aliandika kwamba uongo ni mbaya kwa sababu tu Mwenyezi Mungu ameufanya mbaya. Angeuita mwema ungekuwa mwema, na hakuna wa kumpinga. Ulaya ya karne ya 14, mtawa Mwingereza William wa Ockham alifika karibu na hapo hapo kwa njia yake.

Naielewa heshima iliyomsukuma al-Ash'ari. Aliuliza: nani yuko juu ya Mungu hata amchoree mpaka? Ukisema haki ilikuwapo kabla ya amri, basi kuna kitu kando ya Mwenyezi Mungu ambacho naye hukifuata, na mtu wa tauhidi, anayeshikilia upweke wa Mungu, hawezi kulimeza hilo. Nililibeba jambo hili miaka mingi. Bado naliheshimu kuliko majibu mepesi ya wale wanaomcheka.

Lakini Qur'ani yenyewe hairuhusu tuishie kwake. Surat Al-A'raf, aya ya 28, inawataja watu ambao wakifanya jambo chafu husema: tumewakuta baba zetu wakifanya hivi, na Mungu ametuamrisha. Wafasiri wengi wanasema ni wale waliokuwa wakiizunguka Kaaba uchi. Mtume anaambiwa awajibu: Mwenyezi Mungu haamrishi machafu. Sasa lichukue jibu hilo na udhani kwamba uchafu wa jambo hauna kingine ila Mungu kutoliamrisha. Jibu linakufa papo hapo. Linakuwa: Mungu haamrishi asichokiamrisha, na hakuna aliyewahi kushindwa katika ubishi kwa maneno ya namna hiyo. Jibu lina makali kwa sababu wale watu walikwishajua, kabla aya haijashuka, kwamba wanalolifanya linaaibisha. Aya inawakumbusha wanachokijua kisha inawaambia: hicho msimsingizie Mungu.

Ipo pia hadithi qudsi, yaani maneno ya Mungu yaliyosimuliwa na Mtume, aliyoipokea sahaba Abu Dharr, imo katika mkusanyo wa hadithi uitwao Sahih Muslim, ambayo wengi tuliifundishwa tungali wadogo: enyi waja wangu, nimejiharamishia dhuluma nafsi yangu, na nimeifanya haramu baina yenu, basi msidhulumiane. Anayejiharamishia dhuluma anasema na watu wanaoijua dhuluma ni nini. Na Wakristo wanalo la Ibrahimu katika Mwanzo 18, anapoiombea Sodoma, anashusha hesabu kutoka watu hamsini wenye haki hadi kumi, na katikati ya maombi anathubutu kusema: Mhukumu wa ulimwengu wote, asitende haki? Mungu hakumkemea. Hakumwambia kwamba haki ni chochote nitakachoamua. Alikaa naye kwenye hesabu mpaka mwisho.

Mwanateolojia Mkristo Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alipata njia ya katikati ambayo hadi leo ndiyo bora niliyoikuta: wema si tamko la Mungu linaloweza kugeuzwa kesho, wala si kitu kilicho nje yake, wema ni dhati yake. Hapo hofu ya al-Ash'ari inatulia, kwa maana Mungu hafuati sheria ya mwingine. Nakubali. Ila jibu hilo linaniambia wema unatoka wapi, bila kuniambia kibarua aliye mtaroni ananidai nini mimi niliye juu ya mtaro. Mtu anaweza kuwa na elimu yote ya dhati ya Mungu na bado akamsubiri mjumbe.

Tuje kwa watu wa maumbile, ambao wana mengi ya kweli.

Mwaka 1964 daktari wa akili Jules Masserman na wenzake, huko Marekani, walichapisha jaribio juu ya kima aina ya rhesus. Kima alifundishwa kuvuta minyororo ili apate chakula. Kisha mnyororo mmoja ukaunganishwa na umeme, hivyo kwamba kila akiuvuta, kima mwingine anayemwona upande wa pili wa kioo anapigwa shoti. Wengi wao wakauacha mnyororo ule, ingawa kwa kuuacha walipata chakula pungufu. Mmoja alikaa siku 5 bila kuvuta chochote. Mwingine alikaa siku 12. Waliokataa zaidi walikuwa wale waliokwisha kuonja shoti wenyewe, na wale waliomfahamu mwenzao aliye upande wa pili.

Siku 12 za njaa! Hakuna aliyemsomea kima yule amri kumi, wala hakuahidiwa Pepo. Mtu akiniambia huruma haina mizizi katika maumbile nitamwonyesha huyo mnyama. Wala dini haikatai. Surat Ash-Shams inaapa kwa nafsi na aliyeitengeneza, kisha akaijulisha uovu wake na wema wake. Paulo anawaandikia Warumi kwamba kuna watu wa mataifa wasio na torati ambao kwa tabia yao huyatenda yaliyo ya torati, kwa kuwa yameandikwa mioyoni mwao. Na siwezi kuacha kulisema hili: katika chumba kile, kima ndiye aliyekataa, na waliokuwa wakiuongoza umeme ni wasomi.

Lakini maumbile ni hayo tu? Huko Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti wa sokwe Jane Goodall na wenzake waliwaona sokwe wa jamii moja wakigawanyika makundi mawili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuanzia 1974 hadi 1978 madume wa kundi kubwa, la Kasakela, waliingia eneo la wenzao wa Kahama wakiwa kikosi, kimyakimya, wakimvizia mmoja aliye peke yake. Walimshika, wakamkandamiza chini, wakampiga na kumng'ata, wakamwacha na majeraha ya kufa. Kufikia mwisho madume wote wa Kahama walikuwa wameuawa au wametoweka. Hawakuwa wageni. Walikuwa wamekaa pamoja miaka, wakitoana chawa.

Basi maumbile yametupa vyote viwili, kima anayefunga siku 12 na kikosi cha Kasakela, na hayakuweka alama juu ya kimoja kusema fuateni hiki. Anayesema tufuate maumbile, kisha akachagua huruma na kuacha uviziaji, amechagua kwa kipimo alichokuja nacho kutoka mahali pengine. Mwanafalsafa David Hume aliliona hilo tangu 1740: ukieleza yalivyo, hujasema bado yanavyopaswa kuwa. Darwin mwenyewe, mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe, mwaka 1871, aliandika kwamba binadamu wangelelewa katika hali ileile ya nyuki wa mzingani, wanawake wasioolewa wangeona ni wajibu mtakatifu kuwaua kaka zao. Hakuna niliyemwona akilijibu hilo kwa maumbile matupu.

Baba yangu aliwahi kulazwa muda mrefu, hawezi kujigeuza. Kitanda cha jirani alilazwa mgonjwa aliyekuwa akiuguzwa na mdogo wake, kijana wa maneno machache ambaye siku ya kwanza tu alitueleza kwamba yeye hana dini, ili tusimsumbue kwa maswali ya sala. Usiku mimi niliposinzia, kijana yule alikuwa akimgeuza baba upande hadi upande. Aligundua kabla yangu kwamba kisigino cha kushoto kimeanza kuwa chekundu, akakunja kitambaa akakiweka chini ya mguu ili kisigino kisiguse godoro. Niliamka nikamkuta anafanya hivyo, na baba yuko macho anamtazama.

"Mwanangu," baba akamwambia, "haya unayafanya kwa ajili ya nani?"

Kijana akashangaa. "Si unaumia, mzee?"

Baba hakumjibu. Asubuhi aliniagiza nimkumbuke kijana yule kwenye dua zangu, na ninamkumbuka.

Nimelitafakari sana jibu lile. Angesema ni silika inanisukuma, baba angejiona kama kitu kilichokutwa njiani na silika ya mtu. Angesema dini yangu imeniamuru, vinginevyo nisingekugusa, ingekuwa baridi vilevile, hata kama amri ni ya kweli. Yeye alimtaja baba. Sababu ya kumgeuza mzee ilikuwa mzee mwenyewe, maumivu yake, kisigino chake. Hapo ndipo naamini maadili yanaposhika ardhi: katika dai ambalo mtu anayeumia analo juu yangu kwa kuwa anaumia nami naweza kufanya kitu. Maumbile yamenipa macho ya kuliona dai hilo. Amri imenizindua nilipolala. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicholitunga.

Ningeweza kusimamia hapa kama macho yetu yangetosha. Hayatoshi, na habari ya Mhispania Bartolomé de las Casas ndiyo iliyonifanya nilikubali hilo.

Las Casas alifika visiwa vya Karibi mwaka 1502, na baadaye huko Cuba alipewa wenyeji wa kumfanyia kazi kwa lazima, naye akiwa tayari padri. Aliona mauaji kwa macho yake. Mwaka 1514, akiandaa mahubiri, alisoma katika kitabu cha Yoshua bin Sira kwamba mkate wa maskini ndio uhai wao, na anayewanyang'anya ni mwaga damu. Akawaachia wenyeji aliopewa, akaanza kuwatetea maisha yake yote. Mwaka 1550 na 1551, mjini Valladolid, alipambana mbele ya jopo la wanazuoni na Juan Ginés de Sepúlveda. Sepúlveda, aliyekifasiri kwa Kilatini kitabu cha Siasa cha Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, alishikilia kwamba wenyeji wa Amerika ni watumwa kwa maumbile yao na kwamba kuwapiga vita ni halali mbele ya Mungu. Las Casas naye akajibu kwa maumbile na kwa Mungu: wana akili kama sisi, na Kristo amewafia kama sisi.

Ona basi. Mjadala mkubwa kabisa wa haki za watu katika karne ile, na pande zote mbili zina maumbile, pande zote mbili zina Mungu. Tofauti ilikuwa kwamba Sepúlveda hakuwahi kukanyaga Amerika, na Las Casas alikuwa ameyasikia makelele.

Natamani habari iishe hapo. Lakini mwaka 1516 Las Casas huyohuyo, kwa kuwaonea huruma wenyeji, alipendekeza waletwe watumwa kutoka Afrika wachukue kazi ile. Watu wetu. Hakuwa amewaona wakikamatwa, hakuwa amezisikia meli. Ilimchukua miaka mingi kutambua kwamba utumwa wa Waafrika ulikuwa dhuluma ileile, na aliandika majuto yake katika historia aliyoiacha. Alikuwa na moyo mkubwa kuliko walio wengi katika zama zake, na bado huruma yake ilikuwa na ukingo, kama ya wale kima waliofunga zaidi kwa ajili ya mwenzao wanayemfahamu.

Kwa hiyo dai la anayeumia ni la kweli, lakini walio wengi wanaumia tusipowaona, na wengine wameumizwa na walewale waliopaswa kuwa mashahidi wao. Hapa ndipo ninapomhitaji Mungu katika maadili, na namhitaji kwa jambo tofauti na lile wanalolitaja wahubiri wengi. Simhitaji ili dhuluma iwe dhuluma.

Surat At-Takwir inaeleza siku ya mwisho: jua linakunjwa, nyota zinapukutika, milima inaendeshwa. Kisha katikati ya vitisho hivyo vikubwa kuna mtoto. Msichana aliyezikwa hai anaulizwa: kwa kosa gani aliuawa? Katika Arabuni ya wakati ule hakukuwa na mahakama ya kesi hiyo. Mlalamikaji angekuwa baba, na baba ndiye aliyechimba shimo. Ukoo uliona ni busara, labda ni heshima. Mtoto hakuwa na jina la kuandikwa popote. Na swali haliulizi amri gani ilivunjwa. Wala kwanza haulizwi muuaji. Anaulizwa yeye, aseme, na wafasiri wanasema kumuuliza yeye ndiko kunakomfedhehesha muuaji zaidi. Swali linachukulia kwamba kumuua mtoto kunahitaji sababu, na kwamba haipo. Lilikuwa hivyo siku alipozikwa, kabla aya haijateremka. Kilichoongezwa na aya ni kwamba yupo aliyemsikia chini ya udongo.

Rafiki yangu mmoja asiyeamini, ambaye nimekesha naye tukibishana juu ya haya, ananiambia dai la msichana yule linabaki kuwa kweli hata kama hakuna atakayemuuliza kamwe. Nakubaliana naye, na najua wapo waumini watakaonilaumu kwa kukubali. Anaongeza kwamba wasioamini nao wamepigania watu wasiowaona na wasiowajua, na hilo pia ni kweli. Tunapoachana ni hapa: yeye anaona yatosha dai liwe kweli, nasi tulitimize kadiri tuwezavyo kwa walio hai. Mimi namuuliza juu ya wale ambao kadiri yetu haiwafikii tena, kibarua wa mtaroni, Waafrika wa mwaka 1516 na baada yake, msichana. Anasema hao wamekwisha, na huzuni yake anaposema hivyo ni ya kweli. Mimi siamini kwamba wamekwisha.